Usitukane Wakunga na Uzazi Ungalipo

Shauri kwa wachezaji na walimu wa mpira waachao timu moja na kuingia nyingine

Ndugu msomaji, ukipita jioni kando ya kiwanja cha mpira hapa Bunia, saa ile jua linapoelekea upande wa msitu, utawaona vijana wakikimbia vumbini na watu wazima wamesimama pembeni, kila mmoja akiitetea timu yake. Tazama vizuri. Yule aliyevaa jezi ya buluu mwaka jana, mwaka huu amevaa nyekundu. Na mwalimu aliyekuwa akiwaamrisha vijana wa upande huu, leo asimama upande wa pili.

Katika hayo hakuna ubaya. Mpira ni kazi ya kuhama, kama ilivyo kazi ya mvuvi afuataye samaki kutoka kambi hii hadi kambi ile katika ziwa letu. Ubaya ni ule tunaouona mchezo ukiisha. Kijana ampita rais wa timu yake ya zamani njiani bila kumsalimu. Mwalimu asimulia sokoni siri za timu iliyomlipa juzi. Naye rais, kwa hasira, amnyima kijana barua ya kuachiliwa, eti apate kumfunza adabu. Juu ya jambo hilo twataka kuzungumza leo: namna mtu wa mpira apasavyo kukaa na mwajiri wake wa zamani.

Kazi yenye nyumba chache

Seremala akigombana na tajiri wake hapa mjini, aweza kufunga msumeno wake na kwenda Aru au Mahagi, na habari zake zisimfuate. Mtu wa mpira sivyo. Nyumba za kazi yake ni chache, na wenye nyumba hizo wajuana wote. Marais wa timu hukutana katika vikao vya entente ya mji na vya ligi ya jimbo. Leo washindana, kesho wakaa meza moja. Kabla mwalimu mpya hajakuita, humwuliza kwanza yule wa zamani: "Kijana huyu yukoje?" Jibu la swali hilo fupi ndilo cheti chako, wala huna uwezo wa kulibadili siku ile. Wewe mwenyewe uliliandika zamani, kwa matendo yako.

Tena, mpira una jambo ambalo kazi nyingine hazina: ni lazima ukutane na uliyemwacha. Karani akiacha ofisi aweza asiione tena. Mchezaji akiacha timu atakutana nayo uwanjani kabla mwaka haujaisha, mbele ya watu wote. Wazee walisema kwamba milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Katika mpira hukutana kwa ratiba iliyopigwa chapa.

Mfano wa mwalimu wetu

Mkongomani yeyote apendaye mpira amjua Florent Ibenge. Aliifundisha AS Vita Club ya Kinshasa kuanzia mwaka 2014 hadi 2021, akaifikisha kwenye fainali mbili za Afrika, mwaka 2014 na mwaka 2018. Zote mbili alizikosa kidogo tu. Katika miaka hiyo aliiongoza pia timu ya taifa, ikashika nafasi ya tatu katika Kombe la Afrika mwaka 2015, na ikatwaa kombe la wachezaji wa ligi za ndani mwaka 2016 huko Rwanda.

Mwaka 2021 aliiacha Vita Club akaenda Morocco kuifundisha RS Berkane. Mei 2022 kazi yake mpya ilimrudisha katika nchi yake mwenyewe kama mpinzani, kwa maana katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho alipangiwa TP Mazembe. Lubumbashi alifungwa bao 1 kwa 0. Kwao Berkane akashinda 4 kwa 1, kisha akalitwaa kombe. Je, alikuwa msaliti wa nchi? Hata kidogo. Alikuwa mtu wa kazi, atendaye kwa moyo wote kazi anayolipwa.

Baadaye mwaka uo huo alikwenda Sudan kuifundisha Al Hilal ya Omdurman. Aprili 2023 vita vikazuka katika nchi ile, na timu ikawa mkimbizi, hata msimu wa 2024 hadi 2025 ikacheza katika ligi ya Mauritania. Ibenge hakuiacha siku mabomu yalipoanza. Alikaa nayo ugenini mpaka mwaka 2025, ndipo akaenda Azam ya Dar es Salaam. Hesabu, msomaji: waajiri wanne katika nchi nne, kwa muda wa miaka mitano isiyotimia. Mtu ambaye nyuma yake kuna milango iliyovunjwa haitwi namna hiyo. Sifa njema hutangulia mbele ya mtu na kumwandalia mahali.

Aliyerudi alikotoka

Mfano wa pili ni wa mchezaji. Mbwana Samatta, kijana wa Dar es Salaam, alitoka Simba mwaka 2011 akaja kwetu Kongo kuichezea TP Mazembe. Mwaka 2015 Mazembe ikawa bingwa wa Afrika, naye akawa miongoni mwa wafungaji bora wa mashindano yale. Januari 2016 akaenda Genk, nchini Ubelgiji, akatwaa ubingwa wa nchi ile msimu wa 2018 hadi 2019. Januari 2020 akauzwa Aston Villa ya Uingereza, na baadaye akaenda Fenerbahçe ya Uturuki.

Huko mbele mambo hayakumnyookea kama zamani. Mabao yakapungua, na timu ikamwazima kwa wengine. Basi mwaka 2022 ni nani aliyempokea? Ni Genk, ile ile aliyoiacha miaka miwili na nusu nyuma. Walimrudisha kwa mkopo wa msimu mmoja, akavaa tena jezi yao. Kijana usomaye, lifikiri jambo hili. Siku unapotoka kwa shangwe kwenda kwenye fedha nyingi, hujui kama njia itakurudisha. Ukitoka, funga mlango polepole, usiupige teke.

Ugomvi ukiwepo

Utasema: "Hao walikuwa na bahati, mimi nimeonewa." Naam, ugomvi huwapo, na si kila mwajiri ni mtu mwema. Basi tutazame mfano wa tatu, wenye uchungu zaidi.

Desemba 2022 Feisal Salum, mchezaji wa Zanzibar ambaye watu humwita Fei Toto, alitaka kuiacha Yanga ya Dar es Salaam, hali mkataba wake ulikuwa ungali na muda hadi Mei 2024. Aliingiza shilingi milioni 112 za Tanzania katika akaunti ya klabu, akidhani kwamba kwa kufanya hivyo amejikomboa. Klabu haikukubali. Januari 2023 kamati ya shirikisho la mpira la Tanzania iliamua kwamba yeye bado ni mchezaji wa Yanga. Miezi ikapita, kijana mwenye kipaji kikubwa akakaa bila kucheza, na maneno yakawa mengi katika magazeti na redio. Juni 2023 hata Rais Samia Suluhu Hassan aliwasihi viongozi wa Yanga walimalize jambo lile, na siku chache baadaye klabu ikamwuza kwa Azam kwa mapatano.

Hatutaki kuamua hapa ni nani aliyekuwa na haki. Lakini ona mwisho wa shauri lile: lilimalizwa mezani, kwa makubaliano ya klabu mbili na mchezaji. Meza ile ilikuwako tangu Desemba. Nusu mwaka mzima wa mguu wa kijana ulipotea kabla watu hawajaketi.

Sheria yasemaje?

Wengi hugombana kwa sababu hawaijui sheria. Kanuni za FIFA zasema kwamba mkataba huheshimiwa mpaka mwisho wake, au mpaka pande zote mbili zikubaliane kuuvunja. Mchezaji wa kulipwa aweza kufanya mkataba na timu nyingine ikiwa ule wa kwanza umekwisha, au umebakiza miezi 6 au pungufu. Tena asipolipwa mishahara ya miezi 2, aweza kuidai kwa barua, akiipa timu siku 15 angalau; zikipita bila malipo, ana sababu ya haki ya kuondoka. Tazama vizuri: barua, si matusi. Anayeandika barua ana ushahidi. Anayetukana ampa mwenzake ushahidi.

Na yule ambaye mkataba wake umekwisha hazuiwi tena. Haki hiyo ilipatikana kwa taabu. Huko Ubelgiji Jean-Marc Bosman alizuiliwa na RFC Liège mwaka 1990, ingawa mkataba wake ulikuwa umekwisha. Alikwenda mahakamani, na tarehe 15 Desemba 1995 mahakama ya Ulaya ikampa haki. Hakuchoma jezi, bali alifungua mashtaka, na kwa mashtaka yale wachezaji wengi sana walipata uhuru.

Twajua kwamba vijana wengi wa timu za mtaa hawana mkataba ulioandikwa. Wapewa nauli, chakula, na labda dola chache baada ya ushindi. Kwao barua ya kuachiliwa na ukweli wa maneno ndio mkataba. Kwa hiyo heshima yawafaa zaidi kuliko yule mwenye wakili.

Faida asiyoijua kijana

Kuna sababu nyingine ya kukaa kwa amani na timu iliyokulea, nayo ni hesabu. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, sehemu 5 katika kila 100 za fedha ya mauzo hugawiwa timu zilizomfundisha tangu mwaka alipotimiza umri wa miaka 12 hadi ule alipotimiza 23. Tuseme kijana wa Bunia auzwa huko ng'ambo kwa dola 1,000,000. Dola 50,000 ni za walezi wake. Kwa kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15, timu hupata dola 2,500. Kwa kila msimu wa miaka 16 hadi 23, dola 5,000. Timu ya mtaa iliyomlea tangu miaka 12 hadi 17 yapata dola 20,000. Fedha hiyo yaweza kuwanunulia wadogo zake mipira na viatu kwa miaka mingi.

Lakini haipatikani bila karatasi: jina limeandikwa sawa, tarehe ya kuzaliwa ni ya kweli, na kila msimu umesajiliwa. Timu na kijana wakitukanana, karatasi hupotea, na fedha hukaa huko huko Ulaya. Wala si jambo geni kwamba klabu kubwa hutoka mahali padogo. TP Mazembe yenyewe ilianzishwa mwaka 1939 na watawa Wabenedikto, kwa ajili ya wanafunzi wa Institut Saint-Boniface huko Élisabethville, mji ambao leo waitwa Lubumbashi.

Kosa langu mwenyewe

Msidhani kwamba anayeandika haya ni mtu asiye na doa. Miaka iliyopita nilikuwa katibu wa timu moja ya mji huu, nisiyotaka kuitaja. Nilitunza daftari la vijana: majina, siku za kuzaliwa, nakala za vyeti, na misimu waliyocheza. Posho yangu ya miezi mitatu haikulipwa. Nilimwendea rais, akanijibu kwa ukali mbele ya watu. Nikaondoka kwa hasira, na usiku ule nikalificha daftari katika sanduku langu nyumbani. Nilijiambia, "Nao waone taabu."

Baada ya majuma kadhaa timu moja ya Kisangani ilimtaka mlinda lango wetu, mvulana wa miaka 17, mtoto wa mjane. Walitaka hati zake na uthibitisho wa misimu yake. Rais hakuwa na kitu cha kuwapa. Mama wa yule kijana alikuja kwangu jioni, akasimama mlangoni akasema, "Baba, wasema kwamba karatasi ziko kwako." Nami, kwa aibu na kiburi, nilimjibu kwamba nitatafuta. Nilikawia siku tisa. Nilipozipeleka, muda wa usajili ulikuwa umefungwa, na Kisangani walikuwa wamekwisha kupata mwingine.

Rais yule hakupata hasara yoyote. Nilirusha jiwe kwake, likampata mtoto wa mjane. Yule kijana siku hizi afanya kazi ya pikipiki mjini. Hunisalimia vizuri kila tukutanapo, na salamu yake yaniuma kuliko tusi. Posho yangu nililipwa mwishowe, tena kwa mkono wa rais yule yule, nilipokwenda kuomba radhi na kuzungumza naye kwa utaratibu.

Mashauri machache

Kwanza, ukitaka kuondoka, mwambie mwajiri wako mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Mwendee nyumbani au ofisini, ukae, useme. Habari ya kuondoka kwako isimfikie kwa simu ya jirani.

Pili, rudisha kila kitu kisicho chako: jezi, mipira, funguo, madaftari. Uandike ulivyorudisha, na mpokeaji atie sahihi.

Tatu, chunga ulimi na simu yako. Mwishoni mwa Agosti 2025 Yoane Wissa, mshambuliaji wa timu yetu ya taifa, alitoa malalamiko yake hadharani juu ya Brentford ya Uingereza, kwamba yamzuia kuondoka. Tarehe 1 Septemba akauzwa Newcastle. Kwake mlango mpya ulikuwa wazi tayari, na mnunuzi amesimama na fedha mkononi. Wewe wa Bunia unayeandika maneno makali usiku, ni nani asimamaye mlangoni akikungoja? Maneno ya simu hayafutiki. Mwajiri wa kesho atayasoma.

Nne, siri za nyumba uliyotoka ziache huko. Jinsi wanavyopiga mpira wa adhabu, ni nani ana goti bovu, ni nani hajalipwa: mambo hayo uliyajua kwa sababu ulikula mezani pao. Mwajiri mpya anayekulazimisha kuyatoa, jua kwamba siku moja atakushuku wewe kwa yake.

Tano, ukikutana nao uwanjani, cheza kwa nguvu zako zote. Kulegea kwa ajili ya urafiki ni kumwibia anayekulipa. Bali ukifunga bao, usiwafanyie dhihaka. Mchezo ukiisha, nenda ukawape mkono, ukianza na yule mzee atunzaye jezi.

Sita, deni likiwapo, lidai. Heshima si kunyamaza unapoonewa. Andika barua, taja miezi na kiasi, weka nakala, peleka kwa entente au kwa ligi, na umchukue mzee mwenye busara awe shahidi.

Neno kwa marais na wazazi

Nanyi marais wa timu, msidhani kwamba shauri hili ni la vijana tu. Mwajiri asiyelipa na kudai heshima apanda mawe na kungoja mahindi. Barua ya kuachiliwa si fimbo ya kumchapia kijana. Kijana aliyeachwa aende kwa amani atalitaja jina la timu yenu kokote aendako, na hesabu tuliyoifanya hapo juu yaweza siku moja kuwarudia. Aliyezuiwa kwa chuki huharibika mikononi mwenu, wala hamtapata kitu.

Nanyi wazazi, mtoto arudipo nyumbani akiwaka hasira juu ya timu yake, msiongeze kuni. Mama mmoja aliyesema, "Lala kwanza, kesho tutakwenda pamoja," ameokoa kazi nyingi kuliko mawakili.

Katika mji kama wetu

Jambo hili ni kubwa zaidi hapa Ituri kuliko mahali pengine. Mji wetu uliona damu mwaka 2003, na tangu hapo taabu zimerudi vijijini mara kwa mara, watu wakakimbia na kuacha mashamba. Twajua jinsi ugomvi wa watu wawili uwezavyo kugeuka ugomvi wa koo mbili, kisha wa makabila mawili. Kiwanja cha mpira ni mahali pamoja kati ya machache ambapo mtoto wa Kihema na mtoto wa Kilendu, Mualuri na Mubira, huvaa jezi moja na kupasiana mpira. Mchezaji anayeondoka kwa matusi, au rais anayesema, "Ametuacha kwa sababu ni wa kabila fulani," atia moto katika nyasi kavu. Bali wawili wanaoagana vizuri mbele ya watu, wakapeana mkono, wafundisha kwamba yawezekana kutengana pasipo kuwa maadui.

Wahenga walituonya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Maisha ya mpira ni marefu kuliko miguu ya mchezaji: leo wacheza, kesho wafundisha, kesho kutwa wamtafutia mwanao timu. Nawe utapiga hodi katika nyumba zile zile. Basi, ndugu, kama lipo daftari la mtu katika sanduku lako, lirudishe kesho asubuhi.